Shikamoo ya Cheo

Huku kwetu ni wiki ya majaribio, maktaba imejaa mpaka watu wanasomea ngazini. Lakini leo sisemi habari za majaribio. Kuna kitu kimenikaa rohoni siku nyingi, nimeona nikiseme tu.

Hapa chuoni walokole tuko wengi. Jumapili viti havitoshi, mkesha wa Ijumaa unajaa, na milango ya vyumba imebandikwa mistari ya Biblia. Sina ugomvi na hayo, mimi mwenyewe niko kwaya. Ila nasema hivi: hapo sipo pa kumpimia mtu kama anafanana na Kristo. Kuimba na machozi ni rahisi, hapo hakuna aliyekukanyaga mguu. Kipimo kiko kule tusikokuita ibada.

Chukua shikamoo. Wengi wetu tumelelewa kwamba shikamoo ni ya umri. Sasa angalia inavyotembea hapa chuo. Mhadhiri msaidizi aliyemaliza shahada juzi tu, katuzidi miaka minne mitano, anapigiwa shikamoo akiwa bado yuko mbali. Mama anayedeki korido yetu, ambaye ni wa rika la mama zetu, tunampita na matope kwenye sakafu aliyoimaliza sasa hivi. Akiitwa, anaitwa "we mama, choo hakina maji!" Yaani shikamoo imetoka kwenye umri imehamia kwenye cheo. Na wengine wanaompita hivyo wanatoka maombi ya alfajiri, Biblia kwapani.

Someni Yohana 13 tena. Watu wa kule walitembea na makubazi kwenye vumbi, na kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya watumishi. Usiku ule aliyeshika beseni ni yule waliyemwita Bwana. Na Yuda alikuwa bado yumo chumbani, hivyo na yake ilioshwa. Kwa mazingira yetu, Yesu angeonekana na ndoo na tambara pale koridoni.

Halafu kuna Wafilipi sura ya 2, ile habari ya Kristo kujishusha mpaka kuwa kama mtumwa. Tunaipenda sana kwenye mahubiri. Lakini Filipi ulikuwa mji wenye hadhi ya koloni la Roma, watu wanajivunia uraia wao kama sisi tunavyojivunia vitambulisho vya chuo. Tena ukifika sura ya 4 unakutana na kina mama wawili, Euodia na Sintike, waliotumika pamoja na Paulo, na sasa hawaelewani. Paulo anawasihi wapatane. Kwa hiyo barua yenye mafundisho mazito namna ile inaishia kwa watu wawili wa kanisa moja waliokorofishana. Hapo mimi nawaona watu wa chumba kimoja ambao hawasalimiani wiki ya pili sasa kwa ajili ya ndoo ya maji.

Najua mtu ataniuliza: kwa hiyo tuwe mazoba? Asaimenti ya kundi ina watu kumi, wanafanya watatu, saba wanataka majina tu. Mlokole anaambiwa, "Wewe si umeokoka? Tuandike tu." Mimi nasema hapana. Yohana 18 inasema mlinzi alimpiga Yesu kofi mbele ya kuhani mkuu. Hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe kosa liko wapi. Basi fanya hivyo: mwite mwenzako pembeni mapema, mpe sehemu yake, mwambie wazi kwamba asipoifanya jina halitakuwepo. Usimseme kwa watu, usimkomoe siku ya kukusanya. Na ile ya kumsainia mahudhurio mtu aliyelala hosteli ni uongo, hata tukiuita upendo.

Tuje kwenye bumu. Hela ikichelewa, mama ntilie anatulisha kwa daftari, jina lako na idadi ya sahani. Bumu likitoka, mtu anabadilisha njia ya kwenda darasani asipite kwake! Wengine Jumapili hiyohiyo wanasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyowatendea. Yule mama mtaji wake ni yale masufuria. Kabla ya ushuhuda, pita kwake kwanza ulipe.

Mwenzangu wa chumbani ni Mwislamu. Haji ibadani kwetu, mahubiri yetu hayasikii, na sioni sababu ya kumbana nayo kila jioni. Ila anaona ninavyoacha bafu baada ya kuoga, anasikia ninavyomsema mtu akishatoka chumbani, anajua kama nikiazima pasi yake narudisha. Kama Kristo ninayemwimba haonekani hapo, basi kwake yeye hayupo kabisa, hata kwaya yetu ikiimba vizuri namna gani.

Kwa hiyo wiki hii sidai mkesha wala mfungo. Jua jina la anayesafisha korido yenu, umsalimie kama ungemsalimia mama yako. Yule usiyeongea naye, anza wewe.

Haya, nakimbilia kipindi cha saa nane. Majaribio mema. Na kwa mama ntilie, lipeni.