Ufa hauzibwi kwa rangi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tuliikariri shuleni uhamishoni. Leo hapa Kacyiru naona tunauziba kwa rangi, kisha tunalala usingizi.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alitumia vioo kuonyesha kuwa kinachovunja kitu si uzito peke yake, bali pia urefu wa ufa uliomo. Ufa ukirefuka mara nne, nguvu inayotosha kukivunja kioo hushuka hadi nusu. Siku hizi wahandisi huligawa zege, chuma, hata barafu ya baharini, katika vipande vidogo ndani ya kompyuta, wakakadiria ufa utapita wapi.

Lakini kompyuta huamini inachoambiwa. Ikiambiwa saruji ni mifuko kumi, nasi tukatia sita, hesabu yote ni bure.

Haya si maneno ya darasani tu. Mei 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Nyagatare liliporomoka na kuua watu. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mitetemeko ilipasua nyumba nyingi Rubavu na Goma.

Ndugu zangu tuliorudi, tulijenga haraka kwa kuchoka kupanga. Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, mali yenu yote imo katika stoo. Basi, kabla ya kununua rangi, tia alama ya penseli na tarehe pale ufa unapoishia. Ukivuka alama, mwite mhandisi. Penseli ni rahisi kuliko kaburi.