Tuanze Jiografia kwa Maneno ya Nyumbani

Aghalabu jiografia inapotajwa shuleni, kinachomjia mwanafunzi akilini ni orodha: orodha ya milima, ya mito, ya mazao na ya miji mikuu. Huikariri usiku wa kuamkia mtihani, akaimwaga katika karatasi, na baada ya wiki mbili haimo tena kichwani. Walimu wameliona jambo hili kwa muda mrefu, na kila linapojadiliwa dawa inayopendekezwa ni ile ile: shule zinunuliwe kompyuta, filamu na ramani za kisasa. Vifaa hivyo ni vyema, na shule itakayovipata ivishukuru. Lakini shule ya kijijini, iwe Tezo au kwingineko katika kaunti ya Kilifi, ikivingoja ndipo ianze kufundisha vizuri, huenda kizazi kizima kikapita. Hoja yangu ni kwamba kipo kifaa ambacho kila mwanafunzi huingia nacho darasani bila kukinunua, nasi humwamuru akiache mlangoni. Kifaa hicho ni lugha yake.

Kazi yangu ni isimu, wala sidai kuwa mwanajiografia. Hata hivyo, anayeyachunguza maneno ya pwani yetu hukutana na jiografia kila hatua. Hebu tuzitazame pande nne za dunia. Mwanafunzi hufundishwa kuzikariri akiitazama dira iliyochorwa ubaoni. Ni nadra kuambiwa kwamba kaskazini ni upande unakotoka upepo wa kaskazi, na kusini unakotoka kusi. Kwamba mashariki na magharibi ni maneno ya asili ya Kiarabu yenye maana ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, ndiyo maana sala ya machweo nayo ikaitwa magharibi. Kwa hiyo dira ya Mswahili imeundwa kwa pepo mbili na safari moja ya jua. Mtoto akielezwa hivyo, atatoka nje mwezi wa Januari, ataupa upepo uso wake, naye atajua takriban anatazama wapi.

Mabaharia wa kale walikuwa na majina mengine pia. Kusini waliita suheli, kwa jina la nyota ing'aayo upande huo, na kaskazini waliita kibla, yaani upande wa Makka. Jina hilo la kibla ni sahihi mno kwa watu wa Kilifi, kwani mji wa Kilifi na mji wa Makka umo karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo, pungufu kidogo ya nyuzi 40 mashariki. Kilifi iko nyuzi 3.6 kusini mwa ikweta. Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini mwake. Jumla ni nyuzi 25. Kila nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Mwanafunzi na azidishe, atapata kilomita 2,775. Kwa muda wa nusu saa amejifunza latitudo, longitudo na namna ya kukadiria umbali, na somo lote limezaliwa na neno ambalo jirani zake hulitamka kila siku. Mwanafunzi Mkristo, au anayefuata dini ya mababu, hapungukiwi na kitu. Hii ni hesabu ya dunia tunayoishi sote.

Tuje kwenye pepo zenyewe. Kitabu cha kiada huzieleza pepo za msimu kwa mchoro wenye mishale, na mwanafunzi huichora mishale hiyo bila kujua kwamba babu yake amezitaja maisha yake yote. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Na baina yao huja majira ya tanga mbili, upepo unapokuwa haujaamua. Mwalimu akitaka mfano, Malindi haiko mbali, na nguzo ya Vasco da Gama ingalipo. Mreno huyo aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 akiwa na rubani aliyeijua bahari, akafika pwani ya India kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi hakungojea msimu. Alitangatanga baharini takriban miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, akafika Malindi Januari 1499. Kwa nini bahari ile ile ikavukwa kwa siku 23 kwenda na miezi mitatu kurudi? Mwalimu aulize swali hilo, kisha anyamaze. Mtoto wa mvuvi atalijibu kabla ya kitabu kufunguliwa. Hapo ndipo mwalimu atakapoongeza lile ambalo mvuvi hakulisoma: kwamba bara la Asia hupata joto upesi kuliko bahari katikati ya mwaka, hewa yake ikapanda na upepo wa baharini ukavutwa kuelekea huko; na ifikapo Desemba bara hupoa upesi, na mwendo ukageuka.

Hata misemo yetu ya kawaida inaweza kuwa jaribio la kisayansi. Watu husema "jua la utosini" kila adhuhuri. Je, ni kweli? Wanafunzi wasimike fimbo iliyonyooka uwanjani na kukipima kivuli chake mara moja kila wiki, baina ya saa sita na saa saba mchana, kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Watagundua kwamba Kilifi jua huwa utosini hasa mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 11 Machi na karibu na tarehe 2 Oktoba. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatatatizika akiambiwa habari za Tropiki ya Kansa na ya Kaprikoni. Gharama yake ni fimbo moja, rula moja na daftari.

Vivyo hivyo kwa maji ya bahari. Lugha yetu hutofautisha bamvua na maji mafu, nasi twamfundisha mtoto nguvu za mvutano wa mwezi na jua kana kwamba hajapata kusikia lolote. Aanze kwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo na kumuuliza mvuvi wa Takaungu au wa Mnarani ni siku zipi maji hupwa sana hadi mwamba ukaonekana. Akirudi darasani atakuwa na jedwali lake mwenyewe, na kazi ya mwalimu itakuwa kulieleza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mto. Kaskazini mwa mji wa Malindi unamwagika baharini mto ambao wenyeji huuita Sabaki. Ukiufuata juu utakuta unaitwa Galana, jina lenye asili ya Kioromo. Ukizidi kuufuata, kupita mahali unapopokea maji ya Tsavo, utakuta unaitwa Athi, nao waanzia katika nyanda za juu karibu na Nairobi. Mto mmoja, majina matatu, kwa kuwa kila jamii iliupa jina kipande ilichokinywa. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na kila mtoto wa huko amepata kuiona. Ule ni udongo wa mashamba ya bara, ulioporomoka katika miteremko ya Ukambani na kwingineko, ukasafiri mamia ya kilomita hadi ufuoni. Mtoto akiyaunganisha majina hayo matatu kwenye ramani, mmomonyoko wa udongo hautakuwa tena tafsiri ya kukariri. Atafahamu kwamba mti ukikatwa Machakos, huenda mwamba wa samaki ukazibwa Malindi.

Majina ya mahali nayo ni kitabu. Mnarani pana mnara. Matsangoni humkumbusha msemaji wa Kigiriama neno mtsanga, yaani mchanga. Huko bara, kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi, pana Maji ya Chumvi, jina linaloonya juu ya maji yake. Na wanajiolojia walipoyachunguza matabaka ya miamba ya sehemu hizo, waliliita mojawapo kwa jina hilo hilo. Na Tezo je? Katika Kiswahili tezo ni chombo cha seremala cha kuchongea mbao, na fundi wa mashua hawezi kazi bila nacho. Je, jina la kijiji limetoka hapo, au limetoka katika Kigiriama? Swali hilo mwalimu asilijibu. Wanafunzi walipeleke kwa wazee, warudi na majibu yanayopingana, kisha wajadiliane ni ushahidi gani ulio na uzito. Na wakichoka kwa majina, wautazame ukuta wa nyumba yoyote iliyojengwa kwa mawe ya machimbo ya pwani. Humo wataona matumbawe na kombe zilizogeuka jiwe. Nyumba i nchi kavu, na mawe yake yalikuwa mwamba wa bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, mtihani wa jiografia huandikwa kwa Kiingereza, basi maneno ya nyumbani yatamfaa nini mtahiniwa? Jibu ni kwamba istilahi hushika mahali palipo na dhana. Anayezijua bamvua na kusi hujifunza majina yake ya Kiingereza kwa siku moja. Asiyekuwa na dhana hulibeba jina tupu, nalo humponyoka chumba cha mtihani. Tena si kweli kwamba Kiswahili hakina istilahi za somo hili. Katika shule za msingi za Tanzania jiografia imefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na maneno kama mmomonyoko, uoto na tabianchi yanatumika vizuri.

Pili, itasemwa kwamba mwalimu aliyehamishiwa pwani kutoka bara hayajui maneno haya. Naam, wala hapaswi kuona haya. Awape wanafunzi kazi ya kumfundisha. Siku mwalimu atakapomwalika mvuvi au bibi anayejua majira ya kupanda, darasa litapata mgeni, na bibi yule ataona kuwa shule inamthamini.

Tatu, itasemwa kwamba nataka kuwafungia watoto kijijini. La hasha. Silabasi ya sekondari imewapeleka kwa miaka mingi Denmark kutazama ng'ombe wa maziwa, Kanada kutazama ngano, na Uholanzi kutazama nchi iliyonyang'anywa bahari. Ziara hizo ni njema. Ninachopinga ni mpangilio unaomtaka mtoto afike Uholanzi kabla hajaufahamu mkono wa bahari unaokatiza Kilifi, ambao ulivukwa kwa feri hadi daraja lilipokamilika 1991. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Aliyekwisha kulipima la kwake ndiye awezaye kulilinganisha na la mwenzake.

Wala nisieleweke kuwa nasema hekima ya wazee inatosha. Kati ya 2020 na 2023 maeneo makavu ya Kenya, Kilifi ikiwemo, yalipatwa na ukame wa misimu mitano mfululizo. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa mafuriko. Masika na vuli hazishiki tena miadi yake kama zamani. Ndiyo maana lazima neno lifuatwe na kipimo. Kila shule iwe na kopo la kupimia mvua na daftari la kuandika kila siku, kutoka darasa moja hadi jingine, mwaka hadi mwaka. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na hazina ambayo mkulima wa mahindi na wa mkorosho ataijia kuuliza.

Tena jambo hili halihusu alama za mtihani peke yake. Mnamo 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ukanda wa pwani. Aliyetaka kutambuliwa kuwa mwenye ardhi alitakiwa kuwasilisha madai. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi wa Mijikenda walibaki nje ya daftari hilo. Mipaka yao waliijua kwa miti, kwa visima na kwa majina, ilhali ofisi ilitaka ramani. Hiyo ni mojawapo ya sababu za uskwota unaowasumbua watu wa Kilifi hadi leo. Kijana anayejua kipimo cha ramani, anayeweza kusimama shambani na kuonyesha kisima cha babu yake kiko wapi katika mchoro wa mpimaji, ana silaha ambayo babu hakuwa nayo. Na kijana anayejua ramani bila kujua jina la kisima hicho hana la kuonyesha.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa 2017, unasisitiza mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Tamko hilo ni jema, ila tamko halifundishi. Wizara na waandalizi wa vitabu waandae orodha za maneno ya mazingira kutoka kila eneo, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, ziwafikie walimu. Vyuo vya ualimu vimzoeze mwanagenzi kutoka nje ya darasa akiwa na daftari. Nanyi wanafunzi msingoje waraka. Leo jioni muulizeni mzee mmoja upepo unaovuma unaitwaje, unatoka wapi na unakoma lini. Yaandikeni majibu yake, na kesho mkayapime.