Ukiugua, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi

Ukivuka na mashua kutoka Shela hadi Ras Kitau, kule Manda, utaona jinsi kazi za Lamu zinavyotegemea mwili. Kuna anayeendesha mashua, anayebeba mizigo ya wageni mchangani, anayefua mashuka ya hoteli. Ndani zaidi kisiwani, vijana wa Maweni wanachonga mawe ya ujenzi kwa mikono. Mgongo ukigoma, mfuko nao unagoma.

Sasa kuna swali ambalo wengi wetu hatujiulizi mpaka maji yafike shingoni: nikiugua au nikiumia, nani atanilipa?

Kenya, jibu linategemea umepatwa na nini. Ukiumia kazini, kuna sheria ya fidia ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA. Inamtaka mwajiri awe na bima na akulipe. Kama huwezi kazi kwa muda, unastahili malipo sawa na mapato yako hadi miezi 12. Ila mwambie bosi mapema, kwa maandishi ikiwezekana. Naye ana siku 7 za kuripoti, na dai lako lifike ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Ukiugua ugonjwa usiotokana na kazi, mambo ni mengine. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, inasema hivi: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo na ukiwa na cheti cha daktari, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Wiki mbili, basi. Saratani haijui wiki mbili. Mguu uliovunjika ukicheza mpira Jumapili haujui wiki mbili.

Na kibarua kikiota nyasi kabisa? Hapo ndipo kuna shimo. Kenya haina mfuko wa kumlipa mtu aliyepoteza kazi. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia matibabu. Hailipi kodi ya nyumba, hainunui unga. Kinachobaki ni kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa ya mchango.

Majirani zetu Tanzania wamepiga hatua. Tangu mageuzi ya mifuko ya jamii ya 2018, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza ajira anaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Lakini aliyejiuzulu mwenyewe hapati. Marekani nako, anayedai malipo hayo kwa kawaida lazima awe na uwezo wa kufanya kazi na awe tayari kuianza. Yaani mgonjwa anaambiwa: kazi huna, lakini kazi pia huiwezi, kwa hivyo hustahili. Anaanguka katikati ya viti viwili.

Najua utasema nini. Payslip tayari inalia: SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF juu yake. Nani anataka makato mengine? Hoja ni ya haki. Lakini tayari tunalipa, kupitia michango. Tena tunalipa vibaya: mwenye marafiki wengi anachangiwa haraka, asiye na jina anauza simu. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi watu wasioweza kujikimu. Hilo si ombi.

Kwa hivyo tukija kuunda mfuko wetu, masharti yaandikwe vizuri tangu mwanzo. Anayeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa asihesabiwe kuwa amejiuzulu kwa hiari. Na kijana wa mashua au wa mawe, anayelipwa kwa siku, apewe njia ya kuchangia kidogo kidogo kulingana na msimu.

Kabla siku hiyo ifike, jilinde. Bosi akikuambia kwa upole, "Andika tu barua ya kujiuzulu, ukipona utarudi," usiandike. Sheria inamlazimu, kabla ya kukuachisha kwa sababu ya afya, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako, na akusikilize. Ukijiuzulu, umemwondolea mzigo huo wote.

Usidanganywe pia kwamba kibarua hana haki. Ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, sheria inakuhesabu zaidi ya kibarua. Piga picha cheti cha daktari. Hifadhi meseji za bosi na za M-Pesa alizokulipia. Siku ya siku, hizo ndizo zitakuongelea ukiwa kitandani.