Kereng'ende wa Msituni na Mti wa Kale

Katika ukurasa wetu wa viumbe vya Mwenyezi Mungu, mwezi huu twapenda kuwatajia wasomaji wetu, khasa vijana wa Ruangwa na Nachingwea, mdudu mmoja wa misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Ni kereng'ende ambaye wataalamu walimpa jina la Coryphagrion grandis mwaka 1924.

Kereng'ende tuliowazoea hurukaruka juu ya madimbwi penye jua. Huyu hukaa kivulini, ndani ya msitu. Mwili wake ni mrefu na mwembamba mfano wa chelewa ya ufagio, na mabawa yake ni mepesi yenye kuonyesha. Jamaa zake wa karibu hawako Afrika, bali wako Amerika ya Kati na ya Kusini. Wataalamu waona ya kuwa nasaba yao yatokana na zama ambazo mabara haya yalikuwa nchi moja. Subhanallah!

Hatagi mtoni wala ziwani. Hutaga katika tundu la mti lililojaa maji ya mvua. Watoto wake hukua humo, wakila viluwiluwi vya mbu, hata waote mabawa. Basi kikombe kile cha maji ndiyo dunia yao yote.

Watu wa Nachingwea wanayo ibra. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, matrekta yakang'oa miti kwa wingi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Karanga hazikupatikana kama ilivyotumainiwa, na miti haikurudi kwa siku moja. Leo shoka hushikwa na sisi wenyewe, kwa ajili ya ufuta na mkaa. Na misitu minene, kama ule wa Rondo ulio baina yetu na Lindi, imebaki vipande vipande.

Hatusemi watu wasilime. Kulisha watoto ni wajibu. Twajua pia ya kuwa kupanda mti ni sadaka. Lakini mche wa leo hauna tundu, wala hautakuwa nalo ila baada ya miaka mingi. Kwa hivyo tulime penye mashamba ya zamani, na mti wa kale wa msituni tuuache usimame. Viumbe hivi ni umma kama sisi, nasi tutaulizwa juu ya amana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhifadhi. Amin.