Njia ya Sabaki ni ya Nani?

Imezuka desturi siku hizi, hasa kwa vijana wa mijini, kufunga safari siku za mapumziko si kwa haja ya kufika mahali bali kwa kutembea tu. Huvaa raba, hubeba maji mgongoni, wakashika vijia vya mashambani na kando ya mito hata jua lipande, kisha wakarudi. Wazee wetu waliita jambo hili kupunga upepo, wala hawakulilipia. Leo lina waongozaji na ada. Silaumu. Mwili wa mtu aketiye kutwa afisini wataka kunyooshwa, na macho yaliyochoshwa na simu yataka kuona majani. Ila nina neno juu ya njia zenyewe, na nitaichukua ile niijuayo zaidi, itokayo Malindi ikaenda mlango wa mto Sabaki, ikavuka hata Mambrui.

Msomaji asiyefika huko na aelezwe. Ukitoka mji wa Malindi kwenda kaskazini, ardhi ni tambarare, haina kilima cha kumkata mtu pumzi. Upande wa bara kuna mashamba ya mahindi, miembe na minazi. Mbele kuna matuta ya mchanga. Kisha mto wenyewe, mpana, na wakati wa mvua rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mlangoni pake hukusanyika heroe na ndege wahamao kutoka Ulaya na hata Madagascar, na wataalamu wamepaweka katika orodha ya mahali muhimu pa ndege duniani. Viboko wapo, na mamba wapo. Mwenye akili hufika asubuhi akaondoka kabla ya magharibi, maana kiboko hutoka majini kwenda malishoni giza liingiapo, naye hapishi mtu. Kivuko ni daraja la barabara kuu iendayo Garsen na Lamu.

Ng'ambo ndiko Mambrui, mji wa maulidi, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Karibu na hapo, mwaka 2010, wachimbuzi wa Kenya na Uchina walipata sarafu ya zama za mfalme Yongle, yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, zaidi ya miaka 80 kabla Vasco da Gama hajatia nanga.

Haya mgeni huyaona akapiga picha. Asiloliona ni kuwa njia aipitayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Imekanyagwa na mwanamke mwenye mzigo wa kuni, na mtoto aendaye chuoni na juzuu yake kwapani, na mvuvi, na mchungaji apelekaye mbuzi majini. Nyayo za hawa ndizo hati yake. Hati nyingine haina, na hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilileta Pwani sheria ya hati za ardhi. Mwenye kudai shamba alitakiwa aje na ushahidi aandikiwe, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya serikali. Waliojua kalamu na afisi walipata. Jamii za Mijikenda, ambazo ardhi yao ilikuwa ya ukoo, nyingi zilitoka mikono mitupu. Sheria iliuliza nani ana shamba. Haikuuliza nani anapita. Miaka sita baadaye, 1914, Wagiriama wa kaskazini ya Sabaki waliamriwa wahame wavuke kusini, na nyumba zao zikachomwa moto. Mto huu ambao leo tunautembelea kwa raha ulikuwa mpaka wa kufukuzwa. Mekatilili wa Menza, aliyehamishwa hata Kisii, alitoroka akarudi kwao kwa miguu, na waandaji wa matembezi ya leo wangefanya vyema kumtaja kabla ya kutaja heroe.

Waliofukuzwa walirejea baada ya miaka, lakini wengi wao na wa uzao wao wameendelea kuitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Sasa Malindi imepanuka, viwanja vinauzwa, na kila kiwanja kikiuzwa huja bikoni, na baada ya bikoni huja seng'enge. Nimepita huko miaka mingi. Kijia kilichokuwa kikinyooka sasa kinapinda kwenye kona ya ua, kinapinda tena, na mahali pengine kinamtoa mtu barabarani kwenye malori. Aliyezungushia ua hakuvunja sheria yoyote iwapo ramani yake haikuonyesha njia. Hili ndilo la kutazamwa kwa makini: njia yapotea bila ya mwizi.

Liko na la ajabu zaidi. Mto huu, uitwao Athi huko juu, kisha Galana, kisha Sabaki, hubeba udongo wa bara na kuumwaga baharini, na kwa miaka mingi udongo huo umeusukuma ufuo wa ghuba ya Malindi mbele. Palipokuwa na maji pana mchanga mkavu wenye majani. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na mito ni ya umma. Vyema. Lakini bahari ikirudi nyuma, ile nchi mpya iliyobaki juu ya maji ya bamvua ni ya nani? Mwenye nyumba ya zamani atasema ni uwanja wake umeongezeka. Mvuvi atasema ndipo alipokuwa akivuta ngalawa. Swali hili halitangoja muda mrefu kabla ya kufika mahakamani.

Mwingereza huyo huyo, kwao, alijifunza kwa taabu. Mwaka 1932 vijana wafanyakazi walipanda kilima cha Kinder Scout kilichofungwa na matajiri kwa ajili ya uwindaji, na watano wakatiwa jela. Mwaka 1949 ilitoka sheria ya kuzitaka halmashauri ziziandike njia za miguu katika ramani. Na huko, njia iliyopitwa na watu miaka 20 bila kificho, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa mwenye shamba ameitoa kwa umma, asipothibitisha kinyume.

Wala si fikira ya Kizungu peke yake. Mafakihi wetu waliuwekea mto na kisima harimu, ukanda wa kando usiohodhiwa na mtu, ili viumbe wafike majini. Nasi tuliosomea chuoni twajua kuwa kuondoa cha kuudhi njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani. Mwiba huondolewa, sembuse seng'enge?

Hapa kwetu mlango upo, ila haubishwi. Sheria ya Ardhi ya 2012 yaruhusu serikali ya kaunti, chama, au hata kikundi cha watu kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi iitambue njia ya jamii. Kaunti ya Kilifi ingeweza kuanza na hii ya Sabaki. Wenye kuongoza matembezi nao wana simu zinazochora kila hatua na saa iliyopigwa. Mchoro huo, ukiambatishwa na ushahidi wa wazee wa Mambrui na wa vijiji vya kando ya mto waliopita hapo tangu utotoni, ni ombi tayari la kupelekwa mezani, na wazee hao kila mwaka wanapungua.