Mbabula si ya Kulala Nayo

Mara iliyopita tuliongea juu ya maji ya kunywa. Mwezi huu tuingie jikoni, kisha tufike hata chumbani, kwa sababu mvua imeanza na Butembo kuna baridi. Mji ule uko juu, karibu meta 1.800, na usiku mtu anatafuta blanketi la pili. Asiyekuwa nalo anaingiza mbabula.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa dada yangu. Alikuwa amezaa, siku ya sita. Kwetu mzazi anapaswa kuota moto, basi wakamletea mbabula chumbani. Dirisha wakaliziba kwa gunia, na chini ya mlango wakasukuma kikwembe cha zamani. Nilipouliza, mama mmoja alinijibu: "Iko makala tu, haiko na moshi tena."

Asubuhi dada hakuweza kusimama. Kichwa kilimuuma kama kinataka kupasuka, akatapika. Mtoto alilegea, hata ziwa hakutaka. Mdogo wetu aliyelala chini kwenye mkeka naye vilevile. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema malaria. Wengine wakakumbuka supu iliyoletwa jioni na jirani fulani, na neno la sumu likaanza kupita kinywa kwa kinywa. Bahati njema, infirmie mmoja mzee alipita kumwona mzazi. Hakuuliza habari ya supu. Aliuliza: "Nani alilala na moto?" Akatutoa wote nje kwenye hewa, kisha akawapeleka wagonjwa mahali penye oksijeni. Wakapona. Jirani yule tulimwendea baadaye kumwomba msamaha, na haikuwa safari rahisi.

Basi tuelewe. Moshi tunauona, unatuliza machozi, tunakimbia. Lakini makala yakiwa mekundu, katika chumba kilichofungwa, yanatoa gesi nyingine inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu anachoka pole pole, anasinzia, wengine hawaamki. Mtoto mchanga na mama mwenye mimba ndio wanaoumia upesi. Kuweka sufuria ya maji juu ya moto hakuondoi gesi hiyo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Na wakiumwa kichwa watu wawili watatu wa nyumba moja asubuhi ileile, wakipata nafuu wakitoka nje, fikirini moto kabla hamjafikiri jirani.

Mkitaka kuota, oteni jioni mlango ukiwa wazi, halafu mbabula itoke nje kabla ya mtu kulala. Chumba kikishapata joto, blanketi linatosha. Ninyi mnaochimba dhahabu na kulala chini ya bashi, ni vilevile: plastiki haipitishi hewa, na kipande kimoja cha moto kinaweza kuiunguza.

Sasa kuni. Huku kwetu milima imejaa mikaratusi, na wengi tunaikata leo na kuipika kesho. Kuni mbichi inakula moto wake yenyewe kwa kukausha maji yaliyo ndani, ndiyo maana inalia na kutoa moshi. Pasua, panga mahali pasiponyeshewa, uiache miezi kadhaa. Kuni kavu zikigonganishwa zinatoa sauti kali, mbichi zinatoa sauti nzito. Katika jiko acheni tundu pana juu ya ukuta, upande wa juu ya mafiga, maana moshi unapanda. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majiko ya nyumbani ilihusika na vifo milioni 3,2 duniani, kati yao watoto wa chini ya miaka 5 zaidi ya 237.000. Kikohozi cha mtoto anayebebwa mgongoni jikoni si kitu kidogo.

Najua kupata kuni ni taabu. Upande wa Beni, tangu mauaji ya Oktoba 2014, mama wengi wanaogopa kwenda mbali shambani, na jamaa nyingi zimesongamana katika nyumba ndogo za mji. Ndiyo sababu nasifu wale wanaopanda miti yao wenyewe. Mradi wa Ecomakala wa WWF ulianza Kivu ya Kaskazini mwaka 2007, ili makala yatoke mashambani mwa watu, si katika Hifadhi ya Virunga.

Neno moja kwa vijana wanaowasha moto kwa esansi ya chupa: acheni kabisa. Mvuke wake unawaka kabla ya kuni, na unarudi usoni. Wala sashe za plastiki msiziwashe, chakula kinapata moshi wake. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yamwagike juu ya kidonda dakika 20, kisha kitambaa safi na kituo cha afya. Mafuta ya mawese, yai, dawa ya meno, hapana.

Dirisha la chumba kile shemeji alilipanua kwa panga, siku ileile, kabla hata ya kutafuta fundi. Lingali pale, na gunia limeenda kubeba viazi.