Leopards ni wafanyakazi kama siye: walipwe mbele ya mupira kuanza



Siku ya tatu, tarehe 17 ya mwezi huu wa kwanza 2024, Leopards wataanza Kombe la Afrika kule San-Pédro, Côte d'Ivoire. Wa kwanza kukutana naye ni Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Mu bisi ya kazi, mu kantini, mu nganda, watu wanabishana paka juu ya majina: juu ya nini huyu ameitwa, juu ya nini yule ameachwa. Ni muzuri, mupira ni wetu sote. Lakini mimi nasema hivi: ekipe ya safari hii inatosha kutoka mu kundi. Kama tunaanguka, haitakuwa juu ya miguu. Itakuwa juu ya franga zilizoahidiwa na hazikuonekana. Siye wa sendika tunajua ule ugonjwa, na inchi hii iliisha kuupata mu 1974.

Tuanze na ekipe yenyewe. Kocha Sébastien Desabre aliipokea mu mwezi wa nane 2022, wakati tulikuwa tumeisha kupigwa mara mbili za kwanza, na Gabon, kiisha na Sudan. Watu wengi walisema imekwisha. Ile ekipe ikamaliza ya kwanza mu kundi, mbele ya Mauritania, Gabon na Sudan. Hiyo si bahati. Ni kazi ya mutu anayepanga kila mumoja pa nafasi yake.

Nguvu yetu iko nyuma. Kapiteni Chancel Mbemba wa Marseille eko sawa kapita muzuri wa chini ya mugodi: hasemi mingi, lakini kila mutu anajua fasi ya kusimama. Alikuwa ndani ya ekipe ya 2015 iliyochukua nafasi ya tatu, kwa hivi anajua njia ni refu namna gani. Karibu naye kuko Henock Inonga wa Simba ya Tanzania, Arthur Masuaku wa Besiktas upande wa kushoto, Gédéon Kalulu wa Lorient upande wa kuume. Mu goli kuko Lionel Mpasi wa Rodez, mu divizioni ya pili ya Ufaransa. Na Baggio Siadi wa Mazembe yetu ameitwa, lakini wale wanaocheza ndani ya inchi unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mukono mumoja.

Katikati, Samuel Moutoussamy wa Nantes na Charles Pickel wa Cremonese ni watu wa kukimbia na kunyang'anya. Pale njo naona tatizo letu: mutu wa kufungua mulango ni Gaël Kakuta, na Kakuta eko na miaka 32. Kama anachoka ao anaumia, nani atatoa pasi ya mwisho? Mbele hatukose watu: Yoane Wissa wa Brentford, Cédric Bakambu wa Galatasaray, Théo Bongonda, Silas, Simon Banza anayefunga sana kule Braga mu Ureno. Kuko Meschack Elia, mutoto wa Mazembe, aliyetupatia CHAN ya 2016 kule Rwanda kwa magoli mawili mu finale. Kuko Fiston Mayele, aliyefunga sana kule Yanga mbele ya kwenda Pyramids ya Misri. Watu wako wengi, lakini kocha anapashwa kuchagua mumoja wa kumalizia na kumwachia muda.

Sasa tutazame wale wengine watatu. Ukitazama muzuri, hili ni kundi la wachimbaji: Zambia na shaba, Marocco na fosfati, Tanzania na dhahabu, na siye na shaba na kobalti.

Zambia wasituchekeshe kusema hawakuonekana mu Kombe tangu 2015. Mupira wao ulizaliwa mu migodi sawa wetu, kule Kitwe na Mufulira, na wanatujua kupita wote. Stoppila Sunzu, aliyetia penalti iliyowapa kombe la 2012, alichezea Mazembe hapa hapa Lubumbashi. Mbele wako na Patson Daka wa Leicester na Fashion Sakala, watu wa mbio. Kama defansi yetu inapanda sana, Daka atatuazibu. Mu 2015 tulitoka nao sawa 1-1, na mimi siwezi kushangaa kama inakuwa vile tena. Mutu asilie: mu mwaka ule tulitoka sawa mara tatu mu kundi, na tukafika ku nusu finale.

Siku ya Mungu, tarehe 21, ni Marocco. Hao walifika nusu finale ya Kombe la Dunia 2022, na njo wao waliotufungia mulango wa lile Kombe kwa kutupiga 4-1 kule Casablanca. Bounou mu goli, Hakimi upande wa kuume: ni ekipe ya bei kali kupita zote mu kundi. Lakini mupira utachezwa saa nane ya muchana kule San-Pédro, karibu na bahari, mu joto na unyevu. Siku ile, ekipe itakayovumilia njo itapata kitu.

Tarehe 24, kule Korhogo, ni Tanzania. Watu wanacheka Tanzania, na wanakosa. Mbwana Samatta aliondoka hapa kwetu na kombe la mabingwa la 2015, na yeye njo alikuwa mufungaji wa kwanza wa mashindano yale. Inonga anacheza nao kila juma, Mayele aliisha kucheza nao. Ni ndugu wanaotujua mupaka ndani ya nyumba. Wawili wa kwanza wanapita, na wa tatu ine walio bora wanapita vilevile. Kwa hivi, kama tunapata pointi ku Zambia na Tanzania, tunatoka.

Ile ni mupira. Sasa nirudi ku franga.

Mu mwezi wa tatu 1974, kule Misri, tulikuwa mabingwa wa Afrika. Finale ilikuwa na Zambia hawa hawa: 2-2, kiisha tukarudilia na tukashinda 2-0. Magoli yote ine yalitoka ku muguu wa Ndaye Mulamba, na magoli yake 9 ya Kombe moja hakuna mutu aliyeyapita mupaka leo. Miezi mitatu kiisha, ekipe ile ile ilienda Ujerumani ku Kombe la Dunia. Ikapigwa na Scotland 2-0, na haikucheza vibaya. Pale njo wachezaji walipata habari kwamba franga walizoahidiwa hawatazipata. Walitaka kukataa kucheza. Wakaingia ku kiwanja na kichwa chini, na Yugoslavia ikawatia 9. Ndaye akafukuzwa ku kiwanja kwa kosa la mwenzake. Ku mupira wa Brazil, Mwepu Ilunga, mutoto wa Mazembe, alitoka mbio mu ukuta akapiga mupira mbali, wakati Brazil njo walikuwa wanapashwa kupiga. Dunia yote ikacheka: eti Waafrika hawajui sheria. Yeye mwenyewe alieleza kiisha miaka: sheria alizijua sana, ile ilikuwa kasirani.

Miguu ya watu haiharibike mu miezi mitatu. Imani njo iliharibika. Na Ndaye, mwenye rekodi ya Afrika, aliishi mu umasikini na akafa kule Afrika ya Kusini mu 2019. Mutu wa mugodi anayesoma habari ile haitaji kuelezwa. Anajua mwenzake aliyetoa miaka 25 chini, akatoka na kifua kibaya, na karatasi zake zinazunguka mu maofisi mupaka leo.

Kuko watu wataniambia: «Delege, wale wa Ulaya ni matajiri, hawana lazima ya prime yetu.» Ndugu, deni ni deni, hata ukimudai mutu mukubwa. Tena, si wote ni matajiri. Kipa wa divizioni ya pili si sawa na mushambuliaji wa Uingereza, na mwenye kubaki hapa inchini si sawa na wote wawili. Siye tunajua mambo yale: mu mugodi mumoja, watu wawili wanashika chombo kimoja, mumoja eko na kontra ya kampuni kubwa, mwengine ametumwa na kampuni ndogo, na mwisho wa mwezi mishahara yao haifanane. Kazi haiendi mbele muzuri namna ile. Mu ekipe ya taifa, prime ya mupira mumoja iwe moja kwa wote waliovaa ile jezi, tangu kapiteni mupaka kipa wa tatu.

Ninaomba mambo matatu ku serikali, maana njo inayolipa Leopards, na ku wale FIFA waliowaweka mwaka jana kurekebisha FECOFA. La kwanza: ahadi iandikwe, na kapiteni ashike karatasi yake. Ahadi ya mudomo mbele ya televizioni si kontra. La pili: inayopashwa kulipwa mbele ya Kombe ilipwe mbele ya tarehe 17, na muchezaji atakayeumia ajue nani atamutunza. La tatu: Kombe likiisha, watu waambiwe nini ilitoka na ilienda wapi. Franga zile ni za kodi, na sehemu kubwa ya kodi ya inchi hii inatoka mu mawe tunayochimba siye. Hatuombe zawadi. Tunauliza habari ya jasho letu.

Neno la mwisho ni kwetu siye. Mupira wa Zambia na ule wa Tanzania utaanza saa ine ya usiku hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tarehe 17 ni siku ya Lumumba, wengi watakuwa ku nyumba, lakini mugodi haulali. Mwenye posti ya usiku abadilishane na mwenzake mbele ya wakati, na kapita ajue, na iandikwe. Mutu asiruke kazi na kumupa mukubwa sababu ya kumufukuza. Na mwenye kushuka asubui, hata tukishinda, alale. Mutu wa kuendesha kamyo kubwa na macho ya usingizi ni hatari kwake na kwa wenzake wote. Ba mama, mutusaidie pale: mupira ukiisha, muzime televizioni.

Tutapiga kelele juu ya Leopards, na sauti zitaisha. Lakini tupige kelele ile ingine vilevile, ya kuomba haki yao. Kama leo tunanyamaza wakati mufanyakazi wa mupira anadanganywa, kesho nani atasimama wakati siye njo tunadanganywa?